Sawa Na

Leo Winnipeg ni digrii ishirini na saba
chini ya sufuri. Kioo cha dirisha kimeota manyoya.
Na mezani pangu kuna digrii nyingine,
nami ndiye wa kusema iko chini au juu ya nini.

Faili: Lamara Tskitishvili, wa Kutaisi, Georgia.
Uhandisi wa maji, miaka mitano.
Uimara wa vifaa, saa mia na thelathini na sita: tano.
Mwendo wa maji mferejini, saa mia na mbili: tano.
Elimu ya viungo: nne.
(Kwao tano ndiyo kilele. Namjua mtu aliyenyimwa kazi
na bosi aliyedhani ni tano ya mia.)

Kazi yangu ni kugawa.
Saa kumi na tano, krediti moja.
Krediti mia na ishirini, naandika "sawa na".
Zikipungua, "sawa na sehemu ya".
Mafunzo ya nyanjani, Mto Rioni, wiki sita:
mashine haina kisanduku cha mto.
Wiki sita za maji ya theluji hadi magotini
nikaziandikia sufuri.

Lakini si hayo yaliyoniketisha hadi usiku.
Kanuni yataka bahasha ije imefungwa,
toka mkono wa chuo hadi mkono wetu,
gundi isiguswe. Hii ilifunguliwa,
ikabandikwa tena kwa selotepu,
na ndani mna barua, mwandiko umelalia kushoto:
"Samahani. Nilikwisha kuifunga,
nikakumbuka ukurasa wa nne uko dirishani.
Naapa ni mimi mwenyewe niliyeifungua."

Bwana Thorvaldson akapita na kikombe chake.
"Irudishe," akasema, wala si kwa ubaya.
Kurudisha ni miezi mitatu.
Na Lamara anatimiza arobaini tarehe tisa Machi,
na jedwali la viza, kila ukizaliwa upya,
linakuchomoa pointi kama mtu anyonyoaye kuku.

Mama yangu alifundisha kemia Iloilo, miaka kumi na mmoja.
Alipofika hapa, mtu kama mimi, meza kama hii,
akampimia: sawa na miaka miwili ya chuo, maabara haikuthibitika.
Akaenda kiwandani kushona zipu za majaketi.
Hakulalamika. Ila kila akishika chupa ya siki dukani
aliigeuza, akasoma asilimia,
akasema "waongo", akairudisha rafuni.

Kifungu cha saba, aya ya tatu. Hakuna akisomaye:
"Au kwa simu, mstari kwa mstari."
Saa tano usiku kwangu, saa tatu asubuhi kwao.
Msajili anaitwa Nugzar, Kiingereza chake ni cha tarakimu.
Nataja somo, nasikia anafunua daftari,
anakohoa, anatafuta kwa kidole.
Tano. Tano. Nne.
Masomo arobaini na saba.
Shahada, kabla haijawa karatasi ya kutundika ukutani,
ilikuwa kinywa cha mtu: nilikuwapo, naliona.

Tulipofika kwenye mto akanyamaza.
Akasema neno la kwao, nikamwambia sijui.
Akalisaka, akalipata: "Baridi."
Akacheka peke yake. "Baridi sana. Tano."

Nikaandika: sawa na shahada ya kwanza, miaka minne.
Mwaka wa tano sikuwa na pa kuuweka.
Nikapiga muhuri, nikazima taa,
nikavaa jaketi, na zipu, kama kawaida yake,
ikakwama katikati ya kifua.
Nikasimama mlangoni, vidole vimekufa ganzi,
nikiibembeleza.