Nane kwa Nane

Saa tatu asubuhi natoka na daftari,
nasimama kwenye nyasi fupi kando ya njia ya ndege,
nainua shingo.
Kazi yangu ni kuigawa mbingu vipande vinane
na kuhesabu vingapi vimefunikwa.
Nane.
Jana nane. Juzi nane, na jioni yake nane:
wingu moja la kijivu lisilo na mshono,
blanketi la hospitali lililovutwa
kutoka Bwiru hadi ng'ambo, hadi pasipo ng'ambo.

Nafungua kisanduku cheupe, nasoma kipimajoto.
Nyuzi kumi na nane.
Huko Njombe watacheka.
Hapa fundi viatu wa Kirumba amevaa soksi mikononi,
na mawe yaliyozoea kuungua mapema
yamekaa meusi, yamenuna.
Pimbi hawajatoka kuota jua.
Watoke waote lipi?

Simu. Mama, kutoka Igombe. Hasalimii.
"Si wewe unayeandika hali ya hewa?
Basi andika jua."
Ameanika dagaa tangu Jumatatu,
ndoo thelathini na mbili, fedha ya kikundi,
na marejesho ni Ijumaa.
Mama, mimi naandika kilichopo.
Kimya. Nasikia kunguru upande wake.
"Kilichopo," anasema, "kinaninukia."

Sijamwambia kwamba naupenda huu ubaridi.
Napenda ziwa likiwa na rangi ya sufuria kuukuu,
napenda mchana usio na vivuli,
mtu hajui saa ila kwa njaa,
na sauti zinavyosafiri: nyundo ya mtu asiyeonekana,
mtoto anayeitwa mara tatu na haitiki,
kana kwamba mji mzima umeingizwa chumba kimoja
na mlango ukarudishwa.
Nilizaliwa mwezi kama huu, wakaniita Kabula,
wa mvua.
Mvua yenyewe wiki hii haijadondosha hata tone.
Wingu limekaa tu,
mgeni asiyeaga wala asiyesema shida yake.

Alhamisi sikuwa na zamu. Nikaenda.
Harufu ilinipokea kabla ya mtu.
Mama alikuwa ndani ya sweta la marehemu baba, la mgambo,
mikono ameikunja mara tatu,
anageuza dagaa juu ya nyavu zilizochakaa:
walionyooka huku, waliolegea kule.
Waliolegea ni chakula cha kuku,
bei nusu, na Lusato mnunuzi
ni mtu anayejua kusubiri.
Alikuwa ameegemea baiskeli yake, anachokonoa meno.
Nikainama. Hatukuongea.
Dagaa wa siku nne asiyekauka hung'ang'ania vidole,
unamtupa, anarudi na mkono.

Adhuhuri, kama ilikuwa adhuhuri,
akaleta michembe iliyochemshwa, na karanga;
viazi vya Agosti,
Agosti ile ya vumbi, tulipolitukana jua
mpaka tukaishiwa maneno.
Tukaketi juu ya jiwe baridi, tukaila Agosti
polepole, kwa vidole vyenye magamba.
"Tamu," nikasema.
"Lilikuwa kali lile," akajibu.
Nikachelewa kuelewa kwamba hasemi kiazi.

Ndipo upande wa Ukerewe pakachanika.
Padogo. Upana wa kanga iliyokunjwa.
Mwanga ukashuka majini, mbali kabisa,
ukawaangukia wengine.
Wanawake wa kikundi wakanyanyuka, mafagio mkononi,
na Lusato akaacha kuchokonoa meno.
"Saba kwa nane," nikasema kwa mazoea,
nami sina daftari, sina kalamu,
wala siko kazini.
Mama hakuuliza maana yake.
Alikuwa anafungua vifungo vya sweta,
cha juu, kisha cha pili,
kisha akasimama hivyo,
ameshika cha tatu,
anatazama.