Kikusanyaji cha Riali Sita

Ruwi, saa tano, kiyoyozi cha duka kinakohoa.
Muhsin kanipangia vikusanyaji viwili vya C juu ya kioo:
cha riali arobaini, disketi mbili na kitabu kinene;
cha riali sita, kaseti moja, karatasi iliyokunjwa.

"Hiki cha sita hakijui desimali," kanionya.
"Rahisi ghali."

Kompyuta yangu ya mtumba
ina herufi F isiyoshuka mpaka uigonge.
Disketi ningeitia wapi? Mdomoni?

Nikalipa sita.

Usiku Bi Zuwena akanisomea daftari la madeni:
mchele, riali moja na baisa mia saba.
Nikaandika elfu moja mia saba.
Nambari nzima.

Kaseti ikalia dakika kumi na moja.
Jumla ikatoka,
hata baisa haikupotea.