Kidole cha Mwisho

Niliambiwa: wewe mdogo, chukua ndogo.
Karani wa ghala hakuinua hata macho,
akanisukumia bastola juu ya meza
kama anayenirudishia chenji.

Ilikuwa Masindi, nje kidogo ya mji,
pale miwa inapoishia na uwanja wa shabaha unapoanza.
Nyuma ya mbao kuna kichuguu
kilichomeza risasi za makuruta
tangu kabla sijazaliwa.

Nikaishika. Vidole viwili vikapata nafasi.
Cha mwisho kikabaki kinaning'inia
kama mgeni aliyefika viti vimekwisha.

Wamono, ambaye kiganja chake ni sahani ya posho,
alipewa ile kubwa, nzito kama tofali bichi.
Akafyatua. Ikatikisika, ikatulia,
ng'ombe anayefukuza inzi.
Mimi nikafyatua ile ndogo
na mkono ukaruka hadi usawa wa paji,
na chuma cha juu, kikirudi nyuma,
kikaning'ata pale gumba linapoagana na shahada.
Damu. Kidogo tu. Ya aibu.
Risasi? Kaulize miwa.

Afande Andama hakucheka.
Alisema, kwa Kiswahili chake cha Arua
kisichopoteza muda kwa ngeli:
"Amuge, nani alikudanganya kidogo ni mpole?
Moto ni ile ile. Kubwa iko na uzito ya kumeza teke.
Hii kadogo haina tumbo.
Teke yote anapatia wewe."

Akanifunga kitambaa. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli,
akauzungusha kwenye mpini mara tatu,
akanitafutia magazini yenye kisigino
ili kile kidole kisicho na kiti
nacho kikae.
"Usibane kama kuku ya Krismasi.
Usilegeze pia. Shika kama unasalimia mtu
ambaye bado hujaamua kama unampenda."

Sasa, hapa ndipo mambo yaliponichanganya.
Kiswahili nilikipokea wiki ile ile,
saini moja, blanketi, buti, lugha,
na chenyewe pia hakikunitosha.
Kwetu Ngora, mama akikisikia hufunga mlango.
Ni lugha ya waliobisha usiku ule,
wakasema "fungua," kisha "lala chini,"
na mama hakuhitaji kujifunza zaidi.
Kwa hiyo nilipoitikia "ndiyo, afande"
neno lilirudi nyuma kwa nguvu,
likaning'ata ulimi.

Nilipiga risasi arobaini siku ile.
Teke halizuiliwi, nimelijua hilo.
Linapokewa: kiganja, kifundo, kiwiko,
mpaka begani, ambako linakosa la kufanya
na kukaa.
Anayelisubiri kwa woga huinamisha mtutu
kabla bastola haijalia,
hupiga udongo. Nilipiga udongo sana.
Kichuguu kilisalimika kwa nusu saa nzima.

Ya thelathini na tisa ilikaa ukingoni mwa duara.
Ya arobaini sijui;
nilikuwa bado naitazama ya thelathini na tisa.

Usiku nikampigia mama.
Nikamwambia kwa Kiteso kwamba mkono umevimba
kama ule msimu tulipomsagia shangazi wimbi wa arusi.
Sikumwambia umevimbishwa na nini. Alijua.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake,
kuku wakigombania nafasi ndani ya kikapu,
kikohozi cha jirani.

Kisha mama, ambaye miaka yote
sijamsikia akitamka neno moja la lugha hii,
akasema: "Pole."

Alilitamka taratibu,
akilishika kwa vidole viwili tu,
cha mwisho kikiwa hewani.