Matone Mawili, Juu ya Kaptama

Tulitoka Kaptama nyasi zikiwa na umande,
mimi na kisanduku cha barafu begani,
Chepkwemoi mbele, miguu peku,
viatu kavining'iniza shingoni kwa kamba.
"Nitavivaa kwa watu," alisema.

Bonde lilijaa ukungu hadi mdomoni
kama kibuyu cha maziwa.
Tukaingia.

Mto Kuywa ulisikika kushoto, kisha kulia,
kisha chini ya visigino vyangu,
nami niliyezaliwa penye miwa, ardhi bapa,
nikawa nahesabu pumzi kama mtu anayedaiwa.
"Ni hapo tu," akasema Chepkwemoi.
Saa mbili baadaye, bado ilikuwa hapo tu.

Kijiji cha kwanza: nyumba tano, mbwa wanane,
watoto kumi na mmoja wamejipanga ukutani kwa kimo.
Matone mawili ulimini. Wino kidole cha mwisho.
Mmoja akatema; tukarudia;
mama yake akacheka hadi akaketi chini.
Kijiji cha pili walitupa viazi,
tukavila tukitembea, vikituchoma mifukoni.
Cha tatu kilikuwa kufuli tatu na kuku.

Kwenye mianzi nilianguka.
Kisanduku kilitangulia, nami nikakifuata.
Nikafungua kifuniko kabla ya kutazama goti.
Kwenye lebo ya kichupa kuna mraba mdogo mweupe;
joto likiuingia, hugeuka.
Ulikuwa mweupe bado. Hapo ndipo nikalia,
na Chepkwemoi akatazama ndege pembeni, kwa adabu.

Juu ya mianzi hakuna mtu wa kuuliza njia.
Kuna upepo, na nyasi zilizolala upande mmoja,
na zizi, na mwanamke aitwaye Chesang
akifunua blanketi: mtoto wa siku tisa,
jina lake wazee bado wanalibishania.
"Mmepanda mlima mzima," akauliza, "kwa huyu?"
Nilitaka kusema jambo la maana.
Nikasema, "Mshike kichwa."

Barafu ilikuwa imekwisha, maji tu.
Nikayamimina kwenye sufuria yake, akayatia majani,
tukanywa baridi ya Bungoma ikiwa moto.

Kushuka sikumbuki. Nakumbuka
Chepkwemoi akivaa viatu pale darajani,
akivifuta vumbi kwa mate,
nami usiku, taa i mkononi,
nikikuta wino kwenye kidole changu mwenyewe.