Vifupa Kumi na Kimoja

Asubuhi hii ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Jiko linakula samadi kavu kwa pupa,
nami nawamwagia watoto vifupa kwenye zulia:
vifundo vya miguu ya kondoo, vilivyosuguliwa na vidole vya bibi zao
hadi vikawa laini kama meno.
Kila kimoja kina nyuso nne,
kondoo, mbuzi, farasi, ngamia.
Leo sitaki nyuso. Leo nataka idadi.

Wanahesabu. Kumi na kimoja.
Nafunika vingine kwa kofia yangu ya manyoya.
"Nje vimebaki saba. Ndani je?"
Khulan anafumba macho,
ulimi wake unagusa jino baada ya jino:
nane, tisa, kumi, kumi na moja.
"Vinne!"
"Umetoa?"
"Sijatoa, Mwalimu. Nimeongeza mpaka nikafika."

Miaka kumi na tisa nafundisha katika bweni hili la watoto wa wafugaji,
na bado mtoto akiingia chumba cha kutoa
kwa mlango wa kujumlisha,
nasahau kwamba wino umeganda.

Nawaambia: lifikirieni hema la kwenu.
Mlango ni mmoja, unatazama kusini.
Anayeingia anaongeza, anayetoka anapunguza,
na hakuna baba aliyewahi kuchonga mlango wa pili.
Saba, nne, kumi na moja, hao ni wa hema moja.
Ukiwaona wawili, wa tatu unamjua
hata kama amejifunika blanketi.

Wanacheka wote, ila Tuguldur.
Ana miaka sita na nusu, mashavu yamepasuliwa na upepo.
Anainua kofia, anavitazama vile vinne.
"Hivi vimerudi kwa sababu vilikuwa chini ya kofia," anasema.
"Wetu hawakuwa chini ya kofia."

Sikuwa nimesahau. Nilitumaini tu kwamba yeye amesahau.
Mwaka jana barafu ilifunga nyasi kama kifuniko cha sufuria,
na baba yake akawarundika mizoga nyuma ya zizi
kama mtu anayepanga kuni.
Kutoa, mtoto huyu alikuona kwa macho
kabla sijamwonyesha alama yake ubaoni.

Neno la faraja lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza.
"Wako wewe, uliopewa, walikuwa wangapi?"
"Watano."
"Wakabaki?"
Akachukua vifupa viwili, akaviweka kando.
Halafu, pole pole, akasogeza kidole kwenye zulia tupu,
akagusa mahali patatu pasipo na kitu.
"Mwenye sikio jeusi.
Aliyekuwa anachechemea.
Na yule nilikuwa bado sijampa jina."

Khulan, ambaye hajui kunyamaza, akanyamaza.

"Basi wawili," nikasema, "na…"
"Na watatu."
"Ni?"
"Watano," akasema, akanikazia macho
kama mnunuzi anayekagua mizani.
"Lakini hawarudi."
"Hawarudi. Hesabu haifufui, Tuguldur.
Ila ukimwuliza wawili ametoka wapi,
hawezi kujibu bila kuwataja watatu."

Alifikiri. Sijui kama lilimtosha.
Alipenga kamasi kwa mkono wa koti, akachukua penseli,
akaandika mbili jumlisha tatu,
ile tatu akaiandika kubwa kuliko zote,
akaichorea sikio.

Jioni, chai yenye chumvi imepoa kikombeni,
navirudisha vifupa mfukoni kimoja kimoja.
Kumi.
Navihesabu tena. Kumi.
Sipekui chini ya zulia, siiti mtu.
Kumi na kimoja toa kumi:
jibu ninalijua,
limelala bwenini, kitanda cha pili kutoka jikoni,
ndani ya ngumi iliyofumbwa,
na huenda usiku huu limepewa jina.