Dakika Ishirini na Tano

Cishugi alipiga simu kutoka Goma: "Tunapanda."
Nikainjika maharagwe.
Karani wa tiketi alimwambia dakika ishirini na tano,
kilomita hazitimii hata mia,
Idjwi ataiona dirisha la kushoto.

Maji hayajachemka, simu ikalia tena:
"Nimetua Kavumu."
Nikacheka peke yangu jikoni.
Ndege imekishinda chungu.

Lakini kutoka Kavumu hadi kwangu Kadutu
kuna tope, kuna lori lililolala ubavu,
kuna kamba barabarani na mtu anayedai ya kahawa.
Saa ya kwanza nikaongeza maji.
Saa ya pili, maji na makala.
Saa ya tatu nikaacha kufunua.

Na ile miaka sita kabla ya tiketi,
tangu tulipotupiana maneno juu ya shamba la baba,
hiyo sikuipikia kitu.

Hodi.
Viatu vimekuwa vizito kwa udongo,
mfuko wa sambaza wakavu kifuani kama mtoto.
"Dada Nsimire, nimechelewa."
"Keti ule. Yamerojeka."

Akala mpaka akakomba sahani.
Hakusema kwamba chumvi nilisahau.