Dirisha Namba Tatu

Arvet alikufa Jumanne, theluji ikiwa magotini,
na serikali ikajua kabla ya jirani.
Daktari wa Kärdla alibofya mara moja tu:
leseni ya gari ikafa,
kibali cha bunduki kikafa,
jina likatoka kwenye daftari la wapiga kura,
na saa tisa na dakika nne, mfukoni mwa aproni,
simu ya Hilja ikatetemeka:
*Pole kwa msiba. Pensheni yako ya ujane imeidhinishwa.
Hakuna unachotakiwa kufanya.*

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika mimi.

Walipofunga dirisha langu waliniita Tallinn siku mbili,
nauli yao, supu yao,
tuchague maneno yasiyochoma.
Nikakumbuka foleni. Nikakumbuka wajane niliowarudisha nyumbani,
kilomita thelathini, basi la mwisho limeshaondoka,
kwa sababu ya nakala moja, muhuri uliofifia,
herufi moja ya jina la baba.
Nikasema: waambieni wapumzike.
Wakapiga makofi. Nami nilijivunia, sikatai.

Jumapili Hilja akabisha hodi kwangu,
pasipoti ya mumewe ameifunga kwenye leso.
«Nimeleta.»
«Haihitajiki, Hilja. Imeshafutwa.»
«Najua. Nimesoma.»
Akabaki amesimama, koti halivui,
theluji ya viatu inageuka maji sakafuni.
«Wewe uliza tu,» akasema.

Basi nikasogeza chupa ya jemu,
nikakaa ng'ambo ya meza, nikavaa miwani.
Jina la marehemu?
Akalitaja lote, polepole, kama anayeteremsha mtungi.
Kazi?
Fundi wa matrekta. Na kinanda, lakini vibaya.
Mlioana lini?
Hapo akavua koti.
Alisema mpaka dirisha likawa jeusi,
mambo ambayo hakuna fomu yenye nafasi yake:
jinsi alivyochukia vitunguu,
jinsi alivyomwomba radhi mbwa akimkanyaga.
Niliandika yote. Mkono uliuma, umesahau kalamu.

Kisha akaitazama karatasi, akanitazama mimi.
Muhuri niliurudisha miaka sita iliyopita, kwa kutia sahihi.
Nikainua kikombe cha kahawa,
nikakigandamiza chini ya jina la Arvet:
duara la kahawia, limekatika upande mmoja.

Akalipuliza likauke.
«Na nakala?» akauliza.